Kusafisha kompyuta ya mezani nyumbani: umeme kwanza, vumbi baadaye

Fungua boksi la kompyuta iliyokaa miaka mitatu kwenye duka la stesheni pale Dodoma, utakuta vumbi jekundu limeziba mianya ya mapezi ya alumini yanayopoza prosesa na kulala juu yake mithili ya blanketi. Fungua nyingine iliyotoka nyumba ya pwani, Tanga au Malindi, utakuta vumbi la namna nyingine: limenata, lina unyevu na chumvi ya bahari, na mara nyingi limechanganyika na maganda ya mayai ya mjusi, mabawa ya mende na nywele za paka. Mashine zote mbili zina tatizo moja. Hewa haipiti.

Kompyuta ya mezani hupozwa kwa hewa. Feni huvuta hewa ya chumbani kupitia matundu ya mbele, ikapita juu ya vifaa vinavyochemka, kisha ikatolewa nyuma. Njia hiyo ikiziba, joto hubaki ndani. Prosesa nyingi za sasa zimetengenezwa zijilinde: joto likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi zenyewe, na likizidi hapo mashine hujizima. Ndiyo maana kompyuta inaweza kufanya kazi vizuri asubuhi, ikawa nzito saa nane mchana, kisha ikazimika katikati ya kazi, na mwenyewe akaamini imezeeka au imeingiwa na virusi. Joto pia hula maisha ya vifaa polepole. Wahandisi wana kanuni ya jumla kwamba kapasita za aina inayotumika sana kwenye pawa saplai na madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka.

Kusafisha mashine hii hakuhitaji mtu awe fundi. Kompyuta nyingi za majumbani mwetu zilitumika kwanza katika ofisi za ng'ambo kabla ya kufika maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue, na mashine za ofisini, kama OptiPlex za Dell na nyingi za HP, hufunguliwa kwa kuvuta kitasa au kulegeza skrubu moja mbili. Brashi laini, kitambaa kisichoacha nyuzi, bisibisi ya nyota na saa moja ya utulivu vinatosha. Utaalamu si lazima, ila utaratibu ni lazima, na mwanzo wa utaratibu ni umeme.

Kukata umeme kwelikweli

Kuizima kompyuta kwa kutumia Windows hakutoshi. Mashine iliyozimwa lakini bado imechomekwa huendelea kupokea volti 5 kwenye madabodi ili iweze kuwaka unapobonyeza kitufe. Kuzima swichi ya ukutani nako si kukata umeme kwa uhakika. Nyumba zetu nyingi zimewekwa nyaya na watu wa kila kiwango cha ujuzi, na ikiwa nyaya za soketi zimegeuzwa, swichi hukata waya usio na moto huku wenye moto ukiwa bado hai. Kama unatumia UPS, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu ukiichomoa UPS ukutani betri yake hupiga mlio na kuendelea kulisha kompyuta.

Kwa hiyo chomoa waya nyuma ya boksi lenyewe, pale unapoingia kwenye pawa saplai. Kisha chomoa nyaya nyingine zote: skrini, kibodi, kipanya, printa, spika na waya wa intaneti. Ukishamaliza, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 15. Mashine haitawaka, unamaliza umeme uliobaki kwenye madabodi. Kama kuna taa ndogo ndani, subiri mpaka izimike kabisa.

Sasa lile boksi dogo la bati lililo kwenye kona, ambamo waya wa umeme huingia. Hiyo ndiyo pawa saplai, na usiifungue kamwe. Umeme wa ukutani, volti 230 Tanzania au 240 Kenya, ukishaingia humo hugeuzwa na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa zinazoweza kushika zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa. Umeme huo unaweza kuua. Isafishe kwa nje tu, kwa brashi na upepo, na usichokoe matundu yake kwa waya, sindano ya kufumia au bisibisi. Ukiona ndani yake kumejaa uchafu usiotoka, ipeleke kwa fundi wa elektroniki au ununue nyingine. Onyo hilohilo linahusu skrini za zamani zenye mgongo mrefu, zile za kioo kizito. Ndani yake huwa na makumi ya maelfu ya volti, na hazina sababu ya kufunguliwa nyumbani.

Fanya kazi ukiwa umevaa viatu, mikono mikavu, sakafu kavu. Vua pete na saa. Watoto wakae mbali, kwa sababu ya umeme na kwa sababu nyingine nitakayoieleza mbele.

Kuna umeme wa aina nyingine usiomdhuru mtu lakini unaoharibu vifaa: umeme tuli. Ndio ule unaotoa cheche ndogo unapovua sweta ya nailoni usiku. Mtu wa Mombasa au Zanzibar haukuti mara nyingi kwa sababu ya unyevu wa hewa, lakini Iringa na Njombe wakati wa kiangazi cha baridi upo, na cheche usiyoihisi kabisa inatosha kuharibu RAM, yaani kadi ya kumbukumbu. Fanya kazi mezani, si juu ya zulia, na kila mara kabla ya kugusa kifaa cha ndani gusa kwanza bati tupu la boksi, pale pasipopakwa rangi. Vifaa vishike kwa kingo zake.

Kabla hujafungua

Nakili faili zako muhimu kwenye flashi au hadi diski ya nje kabla ya kuzima mashine. Kompyuta ya umri wa miaka kumi inaweza kuwa na hadi diski inayokaribia mwisho wake, na kuihamisha tu kunaweza kuimaliza. Kwa sababu hiyohiyo usiburute boksi likiwa linafanya kazi. Ndani ya hadi diski nyingi za kompyuta za mezani mna sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi.

Peleka boksi kibarazani au mahali penye kivuli na hewa, si chumbani. Vumbi la ndani ya kompyuta lina mabaki ya mende, na hayo yanajulikana kuamsha pumu. Vaa barakoa, mwenye pumu amwachie mwingine kazi hii. Ukishafungua kifuniko, piga picha kwa simu kutoka pembe kadhaa kabla ya kugusa chochote, kwa maana ukichomoa waya bila kujua ulikotoka, picha ndiyo itakayokurudisha. Skrubu ziweke kwenye kisahani.

Brashi na upepo

Anza na brashi mpya ya rangi ya inchi moja, yenye nywele laini. Iwe kavu, na isiwe imewahi kugusa mafuta wala rangi. Piga vumbi taratibu kutoka juu kwenda chini: matundu ya mbele, feni, mapezi ya kupozea, kisha madabodi. Usisugue. Kwenye madabodi kuna vijipande vidogo kama nusu ya punje ya mchele vilivyobandikwa kwa lehemu, na ukisukuma kwa nguvu utaving'oa bila hata kusikia.

Sehemu inayohitaji muda wako ni feni ya prosesa. Mashine nyingi za Dell zina kifuniko cha plastiki kinachoelekeza upepo juu yake, nacho hutoka kwa kubonyeza vishikizo viwili. Vumbi baya zaidi hujificha kati ya feni na mapezi, ambako hulioni mpaka uangalie kwa tochi ya simu. Litoe kwa ncha ya brashi, au kwa kijiti cha mbao pale lilipoganda. Usitumie chuma.

Baada ya brashi huja upepo. Pampu ya mkono ya kujazia mpira au kipira cha kupulizia kinachouzwa maduka ya dawa hufanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani. Usipulize kwa mdomo, mate yataingia. Ukitumia blowa ya umeme kama za mafundi, simama kiasi cha nusu mita, na kama ina swichi ya joto, izime. Kabla ya kupuliza feni, izuie kwa kidole au kijiti ili isizunguke. Feni inayozungushwa na upepo mkali hupita kasi iliyotengenezewa, beringi zake huharibika, na inaweza hata kuzalisha umeme na kuurudisha kwenye madabodi.

Kwenye maduka makubwa ya mijini huuzwa pia makopo ya hewa. Kopo lishikwe wima, kwa sababu likiinamishwa hutoa kimiminika baridi sana kinachoweza kupasua plastiki na kuunguza ngozi. Gesi ya makopo mengi hushika moto, hivyo usilitumie karibu na jiko wala sigara, na usiliache mikononi mwa vijana: kuivuta gesi hiyo kwa makusudi kumewahi kusimamisha mioyo ya watu.

Napinga kabisa desturi ya kubeba kompyuta hadi kituo cha mafuta au kwa fundi wa pancha ipulizwe kwa kompresa. Najua inaonekana safi kwa dakika mbili na haigharimu kitu. Lakini tenki la kompresa hukusanya maji kutokana na unyevu wa hewa, na mara nyingi mafuta ya injini yake pia, na vyote hutoka na upepo. Pamoja na hayo, nguvu iliyokusudiwa tairi la lori inaweza kung'oa nyaya nyembamba za feni. Mashine ya kufyonza vumbi ya kusafishia zulia nayo isiingizwe ndani ya boksi, kwani mdomo wake wa plastiki hujichaji umeme tuli. Itumie kukusanya vumbi lililoanguka nje.

Vimiminika

Ndani ya boksi, kimiminika kinachofaa ni kimoja tu: alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, kwa matone machache kwenye kitambaa au pamba ya masikio. Hukauka haraka na haiachi kitu. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi. Spiriti ya kusafishia vidonda si mbadala, maana aina zake nyingi huchanganywa na mafuta ya mbarika ili zisikaushe ngozi, na mafuta hayo hubaki kwenye vifaa na kukamata vumbi upya. Petroli na thina, ambazo bado zinatumika katika baadhi ya karakana, huyeyusha plastiki, na mvuke wake ukikutana na cheche ndogo unalipuka. Mafuta ya kulainishia bawaba nayo yasimwagwe kwenye feni.

Mashine ikiwa na tabia ya kutoa milio bila kuonyesha picha, mara nyingi tatizo ni RAM kulegea au meno yake kupata kutu, hasa pwani. Fungua vishikizo vyake, itoe, futa meno ya rangi ya dhahabu kwa kitambaa chenye isopropili kidogo, acha dakika chache ikauke, kisha irudishe kwa kuisukuma pande zote mbili hadi vishikizo vijifunge vyenyewe. Mafundi wengi hutumia raba ya penseli. Hufanya kazi, lakini kila mara huondoa sehemu ya dhahabu hiyo nyembamba, na inayobaki hushika kutu upesi zaidi.

Mapezi ya kupozea yenyewe usiyang'oe kwenye prosesa. Kati ya viwili hivyo kuna grisi maalumu ya kupitisha joto, na ukiyainua lazima grisi ya zamani ifutwe yote na mpya ipakwe. Kwenye mashine nyingi za AMD, prosesa huweza kung'oka pamoja na mapezi na pini zake zikapinda. Ukishasafisha vumbi lote na mashine bado ikachemka, grisi huenda imekauka. Hapo fundi anahitajika.

Mijusi, mende na betri ya saa

Mjusi huingia kwenye kompyuta akifuata joto na wadudu. Akigusa sehemu mbili zenye umeme ndani ya pawa saplai hufa na kuiunguza. Mlango wake ni matundu ya nyuma yaliyoachwa wazi pale kadi zilipotolewa. Yazibe kwa vibati vyake, vinavyopatikana kwa wauzaji wa vipuri vilivyotumika, au omba fundi akukatie. Usiyazibe matundu ya feni. Wala usipulize dawa ya wadudu ndani ya boksi, maana dawa hizo huacha utando wa mafuta na gesi yake hushika moto. Njia ya kuwazuia mende ni kutokula juu ya kibodi na kutoacha makombo mezani.

Juu ya madabodi utaona betri bapa ya rangi ya fedha, kubwa kuliko kifungo cha shati, yenye maandishi CR2032. Ni ya volti 3, na kazi yake ni kutunza saa na mipangilio mashine ikiwa haina umeme. Kompyuta inayosahau tarehe kila ikichomolewa, mpaka tovuti za benki zikakataa kufunguka, inataka betri mpya, na bei yake ni ndogo. Ya zamani usiiache mezani. Hii ndiyo sababu ya pili ya kuwaweka watoto mbali: betri hiyo ikimezwa inaweza kukwama kooni na kuanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Mtoto akimeza, mkimbize hospitali mara moja na usimtapishe. Iliyokwisha izungushie utepe wa gundi na isitupwe motoni.

Skrini bapa ifutwe ikiwa imezimwa, kwa kitambaa laini kilicholowa maji kidogo, bila dawa ya vioo vya madirisha, kwa sababu amonia iliyomo huharibu utando wa kioo. Pulizia kitambaa, usipulizie skrini. Kibodi ichomolewe, igeuzwe juu chini na kugongwa taratibu, kisha ipitishwe brashi kati ya vitufe. Iliyomwagikiwa chai ya maziwa, ichomoe papo hapo na uiegemeze uso chini. Kipanya kinachorukaruka mara nyingi kina unywele kwenye tundu la taa lake.

Kuwasha tena

Kabla ya kufunga, linganisha na picha ulizopiga. Hakikisha waya wa feni ya prosesa umerudi mahali pake, hakuna waya unaogusa mabawa ya feni, na hesabu ya skrubu imetimia; skrubu moja iliyobaki chini ya madabodi inaweza kuiunguza yote. Subiri robo saa kama ulitumia kimiminika. Funga kifuniko, chomeka skrini, kibodi na kipanya, na umeme uwe wa mwisho. Ikilia bila kuonyesha picha, zima, chomoa umeme na uisukume RAM tena. Ukisikia harufu ya kuungua, chomoa na usijaribu mara ya pili.

Programu ya bure kama HWiNFO itakuonyesha joto la prosesa. Ikiwa haina kazi nzito, nyuzi 35 hadi 50 ni kawaida katika chumba cha joto la kwetu. Ikibaki juu ya 85 kwa kazi ya kawaida, bado kuna tatizo.

Kisha tazama mahali unapoirudisha. Boksi lisikae sakafuni, ambako kila ufagio unapita, wala lisisukumwe hadi ukutani. Acha nafasi ya kiganja cha mkono nyuma. Vile vitambaa vizuri vilivyofumwa ambavyo tunafunikia runinga na kompyuta vinafaa mashine iliyozimwa na kupoa. Ikiwaka, viondolewe. Moshi wa udi, wa dawa ya mbu ya kuchoma na wa jiko la mkaa huvutwa na feni na kugeuka ute unaokamata vumbi, kwa hiyo usivichome kwenye chumba kimoja na kompyuta inayofanya kazi. Mahali pa vumbi kama Dodoma, au dukani kando ya barabara ya udongo, safisha kila baada ya miezi mitatu au minne. Nyumba ya kawaida ya mjini, mara mbili kwa mwaka inatosha.

Ukilazimika kumwendea fundi, kwa ajili ya grisi au pawa saplai, mwombe afungue mbele yako. Piga picha lebo za RAM na hadi diski kabla ya kumwachia mashine, kubalianeni bei mapema, na lipa baada ya kuiona imewaka ikiwa na vifaa vilevile ulivyoipeleka navyo.